Kisanduku Kilichojisikiliza Chenyewe

Chola mwanangu,

Begi lako la safari ya kesho limefungwa na kufunguliwa mara tatu tangu mchana, na kila mara mama yako anapata kitu cha kuongeza. Sasa ameingiza unga wa mihogo, kana kwamba unakwenda nchi isiyojua muhogo. Ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutokaa juu ya mizigo lori linapopanda mlima, yote ameshayasema, tena kwa mkazo, na yeye akishasema mimi huwa sina nyongeza. Usiyatafute humu. Nimekaa katika chumba changu cha redio, nimesukuma koili na nyaya pembeni ili karatasi ipate nafasi, na nje bado kuna mwanga wa kutosha kuandikia. Nataka kukujibu swali uliloniuliza Jumapili.

Uliniuliza tukiwa wawili tu, wewe umenishikia tochi, mimi ninalehemu waya wa mwisho: "Papa, juu ya nini mama haingiake mu chambre ya redio?"

Nami nikakujibu bila hata kuinua macho: "Hapendake makelele."

Nilikudanganya. Mwanamke aliyezaliwa Kilwa, kule ziwani, akakua nyuma ya soko la samaki, ambaye akimwita mtu kutoka jikoni nusu ya mtaa wetu wa Naviundu inageuka, leo asipende kelele! Najua hukuniamini, maana ulicheka kidogo ukaendelea kunishikia tochi. Umeichukua kwake tabia hiyo, ya kumwachia mtu uongo wake autafune mwenyewe.

Jibu la kweli limekuzidi wewe umri kwa miezi mitatu.

Unajua kwa nini mama yako anakuita "mama". Ulizaliwa nkambo yako, mama yake mzazi, akiwa amekufa karibuni, ukapewa jina lake, na kwetu mtoto akishapewa jina anapokea na heshima yake. Ulikuwa bado unatambaa na tayari watu wazima wanakuuliza, "Mama, umelala muzuri?" Wageni walicheka. Mimi nilicheka nao, lakini kila alipokuita hivyo kitu kilinichoma hapa kifuani, na kimenichoma mpaka leo. Sikuwahi kukuambia kwa sababu ingebidi nieleze yote, na mimi ni mwoga kuliko unavyodhani.

Siku zile nilikuwa nimetoka Kambove, kwenye karakana ya kufunga upya mota za pampu za mgodi. Mtu aliyekaa miaka akizungusha waya wa shaba kwenye mota nzito kuliko ng'ombe, akikutana na koili ndogo kama kidole gumba, anadhani hana la kujifunza. Nilimpata Papa Ilunga, yule mzee aliyezeeka akipokea simu za upepo relini, unamkumbuka kwa kofia yake. Ndiye aliyenionyesha kwamba mtu anaweza kujijengea redio ya kusikiliza kwa vipande vya redio zilizokufa, na akasikia watu wa mbali wanaoongea wao kwa wao, si hizi stesheni za muziki na matangazo. Nilishikwa kama mtu aliyeshikwa na homa. Mama yako alisema afadhali ningeshikwa na pombe, kwa sababu mlevi hulala mapema.

Ndani ya redio kama hiyo kuna sehemu moja ndogo tunayoiita osileta. Kazi yake ni kuimba noti moja, bila kupanda wala kushuka, na redio huzipima sauti za angani kwa noti hiyo. Noti ikiteleza kidogo tu, mtu aliye Kilwa anayesema kama mtu anageuka bata, kisha anageuka mluzi, kisha hayupo. Yeye hajahama. Aliyehama ni wewe, na hujui.

Nilipigana na kuteleza huko mwaka mzima. Nikileta mbabula chumbani msimu wa baridi, makaa yakishika moto tu noti inashuka. Jua likipiga dirishani, inashuka tena. Hata nikisogeza mkono karibu na koili, inaruka kama mbuzi aliyeguswa. Basi nikaimwagia koili nta ya mshumaa isitikisike, nikaifungia osileta ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikajifunza kuiwasha redio nusu saa kabla ya kuihitaji ili ipate joto lake kwanza. Hayo niliyafanya kwa mikono yangu na ninajivunia hata sasa. Papa Ilunga mwenyewe alitikisa kichwa akasema, "Eh, Kambove inajua kazi."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Sifa ilinipanda.

Nilimpelekea seremala mbao nyekundu za mulombwa, akanitengenezea sanduku zuri, likapigwa vanishi hadi mtu anajiona uso. Osileta nikaiweka humo na kopo lake, na mbele, nyuma ya kitambaa nilichokitoa kwenye kiti cha zamani, nikafunga spika kubwa ya gari. Vyote nikavilisha kwa betri moja, waya mmoja. Papa Ilunga akalizunguka lile sanduku kama mtu anayekagua mbuzi wa mahari, kisha akasema: "Iyi spika, utoe inje. Itakusumbua." Nikamjibu kwamba yeye alizoea visikilizio vya relini, vya kujibana masikioni, lakini mimi nataka redio ambayo mgeni akiingia nyumbani anaiona na kuisikia. Akavaa kofia yake. Alikuwa mtu wa kusema neno mara moja.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wakati ule Kilwa hakukuwa na simu ya mkononi. Kulikuwa na foni tu, ile redio kubwa ya parokia inayopokea na kusema. Mtu wa huku akitaka habari za ndugu zake alikwenda mjini kwenye nyumba ya foni, akakaa kwenye benchi na wenzake, akangoja saa ya Kilwa, akaitwa jina. Akasikia kwa masikio yake. Asiposikia vizuri, alimwambia mwendeshaji, naye akawauliza wa kule warudie. Hilo la kuwarudisha warudie, mimi nyumbani sikuwa nalo. Redio yangu ilikuwa ya kusikia, haikuwa na mdomo.

Nkambo yako aliugua. Habari zilifika kwa dereva wa lori la samaki, na mama yako, akiwa na mimba yako ya miezi sita, akafunga begi siku hiyohiyo. Nilimwomba angoje tupate habari kamili. Sikutaka apande lori na tumbo lile, barabara ile, siku tatu au nne za mashimo na matope. Hilo nalisema wazi: nilikuwa naogopa juu yenu wawili, na hofu yangu ilikuwa ya kweli. Mjomba wako Chansa akatuma neno kwamba Alhamisi, saa moja asubuhi, atapeleka ujumbe kwenye foni ya kule. Mama yako akataka kwenda mjini kuusikiliza.

"Juu ya nini uende kukaa ku benchi na ile tumbo?" nikamwambia. "Redio niko nayo. Utasikia hapa-hapa mu nyumba."

Kama ningenyamaza hapo tu, Chola. Lakini nilikuwa nimeshawaambia na majirani. Asubuhi ile walikuja watatu, wamevaa kama watu wanaokwenda misa. Mama yako aliketi kwenye kiti kile kilichotoa kitambaa chake, mikono juu ya tumbo. Begi lilikuwa mlangoni. Nilikuwa nimeiwasha redio tangu alfajiri, imepata joto lake, noti imetulia kabisa. Na saa moja ilipofika, mwendeshaji wa Kilwa akaingia safi, sauti ndogo lakini safi: "Kwa Mama Mwansa, ku Lubumbashi. Mama yako homa imeshuka. Tangu jana anakunywa uji..."

Mama yako akainama mbele. "Ongeza," akasema. "Sisikie muzuri."

Nikaongeza. Spika ikanguruma, mbao za sanduku zikatetemeka chini ya kiganja changu, na mwendeshaji akageuka bata. Nikamfuata kwa kitufe, akanikimbia. Nikaongeza tena ili nimpate, akazidi kwenda. Jasho lilinitoka mbele ya wageni. Nilipokuja kumpata, sauti ilikuwa ileile, lakini alikuwa anasoma ujumbe wa mtu mwingine, wa nyavu zilizosahauliwa kwenye lori.

"Balisema nini ingine?" mama yako akauliza.

Watu wanne walinitazama. Ningeweza kusema sijui. Kulikuwa na saa nyingine ya Kilwa jioni, na nyumba ya foni si mbali. Ningepanda baiskeli, ningekaa kwenye benchi, ningeomba warudie. Nilikuwa na siku nzima ya kusema sijui.

"Njo yote, imeisha," nikasema. "Amepona. Usiogope. Miye nilizoea ile sauti, nimesikia yote."

Majirani wakapiga makofi. Mama yako akashusha pumzi, akanitazama kwa macho ya shukrani ambayo hadi leo siwezi kuyakumbuka nikiwa nimekaa, lazima nisimame. Akainuka, akaenda chumbani, akaanza kutoa nguo kwenye begi, moja moja, akizikunja upya na kuziweka mahali pake. Leo mchana nilipomwona akifungua begi lako, mimi nilikuwa naliona begi lile.

Siku ya tisa dereva yuleyule wa samaki akaja na habari kwamba nkambo yako amefariki na ameshazikwa.

Mama yako alipanda lori na tumbo lake. Barabara ileile niliyomzuilia, akaipita kwa kilio. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi, au ndivyo nilivyosema. Aliporudi kutoka matangani hakunigombeza. Alipika, akafua, akanipa habari za watu wa kule. Lakini kuanzia siku ile mguu wake haukukanyaga tena chumba hiki, na saa moja asubuhi, saa ya foni, yeye yuko nje anafagia ua wa lupango. Umekua ukiliona jambo hilo, ukadhani ni ratiba ya usafi. Anafagia chini ya dirisha langu, kwa nguvu, mvua iwe imenyesha au haijanyesha. Mimi humu ndani nimeziba masikio kwa visikilizio, na yeye kule nje ameyaziba kwa ufagio.

Papa Ilunga alikuja kutoa pole. Hakusema "nilikuambia," na hilo lilinishinda kuliko kama angesema. Aliweka kiganja juu ya sanduku, akaniambia niongeze sauti, akafumba macho.

"Sanduku yako inajisikiliza yenyewe," akasema.

Akanieleza polepole. Spika inatikisa mbao, mbao zinatikisa vipande vya osileta, na noti inayumba. Tena sauti kubwa inakunywa umeme mwingi kwa pigo moja, betri inashuka, na osileta inayokunywa kwenye waya huohuo inashuka nayo. Ikiteleza, sauti inaharibika; ukisikia imeharibika, unaongeza; ukiongeza, unaifukuza zaidi. Mtu wa Kilwa amekaa palepale anasema maneno yake, na redio imeshughulika na kelele zake yenyewe. Nikamuuliza dawa yake ni nini. Akasema ni kutenganisha tu: spika nje ya sanduku, osileta ipewe mlango wake wa umeme usioguswa na mwingine, ukuta wa bati katikati, na mwenye redio aridhike kusikia kidogo.

Alipoondoka nilichukua msumeno nikalikata lile sanduku la mulombwa. Mama yako alisikia msumeno, hakuja kutazama. Mbao zake ndizo zile za kigoda chako cha utotoni, ikiwa ulijiuliza kwa nini kigoda cha mtoto kilipigwa vanishi namna ile. Redio iliyofuata ilikuwa bati tupu, mbaya kama jiko la mkaa, na ilitulia. Tangu hapo kila redio niliyoijenga imetulia. Nimewasikia watu wa nchi ambazo sitafika, sauti ndogo kama sisimizi, saa nzima bila kugusa kitufe. Ilinichukua msumeno na jioni mbili kuitengeneza redio. Mimi mwenyewe nimekuwa mgumu zaidi.

Miaka kadhaa baadaye mjomba wako Chansa alifika hapa kwa shughuli zake. Tulikaa nje, tukala, na katika maongezi akasema kwa masikitiko kwamba ule ujumbe wake haukufika vizuri. Nikamuuliza alikuwa ameusemaje. "Nilisema homa imeshuka, anakunywa uji. Lakini anamuita Mwansa usiku na muchana, na muganga anasema nguvu inaisha. Aje mbio." Alinitajia kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwongezea chakula. Sikufikiri, mjinga mimi, kwamba kama ananiambia mimi leo, dada yake naye alishamwambia zamani.

Sitakuambia uwe mkweli. Umekuwa mkweli tangu ukiwa na meno mawili, na mara nyingi umetutia aibu mbele ya wageni. Nakueleza tu ninachokijua kuhusu mimi. Watu wakidhani nilisema uongo ili kumdanganya mama yako, watakuwa wamekosea. Nilitaka sana nkambo yako awe amepona, nilitaka sana mama yako asipande lori, na nilitaka sana redio yangu isifedheheke. Kelele hizo tatu zilijaa ndani yangu, na nusu ya ujumbe niliyoisikia ikazifaa zote tatu. Hata mimi niliamini kidogo. Ndiyo sababu nasema ni kosa la mafundi: tunasikia kipande, na kilichobaki tunakijaza kwa uzoefu.

Wewe huko ziwani, mbele ya Kilwa, kwenye kituo cha afya ambako simu inashika leo na kesho haishiki, utakuwa unakaa kwenye foni kila asubuhi. Siku nyingine utakuwa wewe ndiye mwenye sikio, na mtu amesimama nyuma yako anangoja habari za mkewe aliyepelekwa hospitali. Itakatika katikati. Inakatika daima. Na huyo mtu atakutazama kama mama yako alivyonitazama. Najua utachoka, najua utamhurumia, na huruma ndiyo inayosukuma mtu kumalizia sentensi ya mwingine. Mwambie hujasikia. Atakukasirikia, na ni sawa.

Nataka pia kukuomba msamaha kwa siku ile ulipoleta barua ya kazi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja ukutani kuuliza kama kuna mwizi. Nilisema barabara, nilisema mbu, nilisema binti wa mjini. Wewe ulisema neno dogo, nikaongeza sauti. Ukasema tena, nikaongeza. Mwisho ukatoka nje, na mpaka leo sijui ulikuwa unasema nini. Ukipata nafasi uniandikie. Sababu yenyewe ya makelele yangu ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba unakwenda Kilwa ukiwa na jina lile, na mimi nilidhani nkambo yako amekuja kukuchukua ili nilipe. Mtu mzima, fundi, na ninawaza mambo ya namna hiyo.

Sasa nifike kwenye Alhamisi hii. Baada ya kukudanganya Jumapili sikulala vizuri. Alhamisi mama yako alikuwa ameketi kwenye ngazi anachambua mboga za lengalenga. Nikakaa ngazi ya chini yake, nikasema: "Mwansa, ile siku ya redio, sikusikia yote."

Hakuacha kuchambua. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Chansa aliniambia ku matanga."

Nilihisi kama ngazi imetoka chini yangu. Miaka yote hiyo nimelinda mlango wa nyumba isiyokuwa na ukuta. Nikamuuliza, "Na juu ya nini haukusema?"

"Ningesema nini? Si miye nilisema uongo." Akatupa bua moja, akachukua jingine. "Nilingojea weye mwenyewe useme. Niliona atasema leo, atasema kesho. Kisha nikachoka."

Nikasema pengine angefika akute mama yake ameshakufa. Pengine angepoteza mimba njiani. Nilikuwa bado natafuta pa kujificha, umri huu. Akaacha majani, akanitazama.

"Pengine. Ile ni ya Mungu. Yenye iliniuma si ile. Yenye iliniuma, ni vile ulisema 'njo yote', na miye nikafungua begi."

Nikamwomba radhi. Nililia, nakuambia, ili usije ukasikia kwa jirani. Hakusema amenisamehe, na wewe usimuulize. Alinipa nusu ya lengalenga nichambue.

Tulipomaliza, akauliza akitazama upande mwingine: "Mama atakuwa anasema ku foni saa ngapi?"

Ilinichukua muda kuelewa kwamba "mama" ni wewe.

"Saa moja," nikasema. "Vituo vyote binaitwa saa moja, kimoja-kimoja."

"Saa moja miye niko nafagia," akasema, akainuka na sahani yake. Nami sikuongeza neno. Walau hilo nimejifunza.

Redio uliyonishikia tochi imekamilika. Nimeipima siku tatu. Osileta ina kopo lake na kidhibiti chake cha umeme, sehemu ya sauti iko upande wa pili wa bati, kila moja na waya wake. Spika hakuna kabisa. Kuna kisikilizio kimoja, cha sikio moja, na waya mrefu. Nimeiacha imewaka tangu jana asubuhi, na mwendeshaji wa Kilwa niliyemwacha jana nimemkuta leo palepale, mtu, si bata. Huna haja ya kutusalimia ukiwa kazini. Wewe ongea na wakubwa wako wa Kilwa, taja jina lako na idadi ya wagonjwa wako, sisi tutakuwa wapita njia. Ila jina litaje polepole.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba kila asubuhi nitasikiliza kisha nitampelekea mama yako habari zako jikoni. Niliandika hivyo kwenye karatasi ya kwanza, nikaichana. Huko ndiko nilikotoka. Kisikilizio ni kimoja, na ni chake, akikitaka. Asipokitaka, kitaning'inia kwenye msumari, nami nitasikiliza, na akiniuliza nitamwambia nilichosikia na mahali nilipoacha kusikia.

Nilidhani barua inaishia hapo. Nilikuwa natafuta neno la kukuaga nikasikia sauti chini ya dirisha. Nimesimama nikachungulia. Ni mama yako, ameinama, kitambaa kimefungwa kiunoni, anafagia lupango. Jioni hii, Chola! Yeye ambaye akimwona mtu ameshika ufagio jua likiinama anamnyang'anya, kwamba anatoa baraka nje! Nimefungua dirisha nikamuuliza unafanya nini.

"Namaliza ya kesho," amesema, bila kuinua kichwa. "Lori ya mama inatoka alfajiri. Saa moja nataka nisikie kwanza ile fasi, kule anaenda, kama bantu ya kule banasemaka namna gani. Kiti iko?"

Nimemwambia kiti kipo.

Nakwenda kutoa vitu vyangu juu yake. Safari njema, mwanangu. Kesho saa moja, ukiwa bado juu ya barabara ya Kasenga na vumbi la kwanza usoni, ujue mama yako amekaa humu, kisikilizio sikioni mwake, na mimi niko mlangoni, mikono nimeiweka nyuma, sigusi kitufe.

Baba yako